Waya wa Habari

Taa yenyewe ndogo, nyekundu,
kijisanduku chenye vipembe viwili,
huku alama ya kujumlisha, huku ya kutoa.
Ilinianza msitu wa Ngezi, kabla ya alfajiri,
boflo mia mbili nyuma chini ya turubai,
taa za mbele zikififia
mpaka njia ikawa rangi ya chai kavu,
na komba juu akilia kama anayenicheka.
Makangale niliingia kwa kusukumwa.

Fundi Shaame, pale Konde, akaifungua alteneta,
akaitikisa, ikalia kokoto.
"Brashi zimelika, yakhe. Hii limebaki jina."
Nikampigia kaka Mbarouk, Maskati.
Hakuuliza mengi. Kaka huyu haulizi.
Wiki ya tatu meli ikateremsha Mkoani
gunia la mchele lisilokuwa na mchele,
ndani yake alteneta mpya, imeviringwa gazeti la Kiarabu.

Tukaifunga. Mkanda tukaukaza
mpaka ukawa unaitika ukigongwa kidole.
Nikawasha.
Injini ikanguruma vizuri,
na kijisanduku kikanitazama vile vile,
chekundu, bila kupepesa.

Basi hapo ndipo maneno yalipoanza.
Mwenye vespa akasema betri.
Mwenye duka la spea akasema vya siku hizi vyote bandia.
Mwalimu Faki, aliyepita kununua vocha,
akasema chomoa balbu ukalale.
Ushauri haulipiwi, ndiyo maana ni mwingi.

Shaame hakumjibu mtu.
Akaleta mita, akavigusisha vijiti kwenye betri
kama daktari anayempima mtoto wa watu.
Kumi na nne nukta tisa.
"Inakula," akasema. "Inakula hata kupindukia.
Sasa taa inalilia nini?"

Akachomoa fyuzi, moja moja, akazielekeza juani:
nzima, nzima, nzima.
Akazisugua nguzo za betri kwa msasa na maji moto,
ukungu wa kijani ukamwagika mchangani.
Adhuhuri ikaadhiniwa. Tukaenda, tukarudi.
Taa ilitungoja.

Alasiri akalala chini ya gari, miguu nje,
sauti yake ikitokea ndani ya chuma:
"Lete tochi. Shika hapa. Usivute."
Kwenye soketi, nyaya tatu.
Mmoja waamsha. Mmoja wawasha taa.
Wa tatu, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia,
nje mzima,
ndani ya ganda lake chumvi imeula, umekuwa unga.

"Huu," akasema, "hauchukui umeme wa kazi.
Unachukua habari tu.
Unatoka kwa betri kwenda kumwambia yule:
nimepata. Au: bado.
Ukikatika, yule anapeleka, anapeleka,
hajui huku kumefika kitu, kumezidi, kumepungua.
Ndiyo akawasha taa. Afanyeje?"

Akakata, akamenya kwa meno,
akaunga kipande cha shibiri moja
alichokitoa katika redio mbovu,
akazungusha utepe mweusi.
Nikawasha.
Kijisanduku kikawaka, kikazima.
Kumi na nne nukta mbili.

Nilimlipa elfu kumi na tano na boflo sita.
Nikakaa garini, mlango wazi,
nikaisikiliza injini kwa muda usiohitajika.
Halafu nikatoa simu.
Ujumbe wa mwisho wa kaka, wa juzi: *Imefika?*
Juu yake, wa mwezi wa Shaabani: *Zimefika?*
Juu yake, wa mwaka jana, wakati wa paa la mama: *Mmepata?*
Na chini ya kila mmoja, kwangu, hapana neno.

Nikaandika: *Imefika.*
Nikafuta. Nikaandika tena, nikaongeza
habari za paa, za mama, za mvua ya vuli isiyovuja ndani,
za boflo, za Shaame na meno yake.
Kidole hakijazoea, kilichelewa.
Shaame akagonga boneti kwa spana:
"Zima, yakhe. Unachoma mafuta bure."